Dawa Tumboni, Mchanga Miguuni: Kutoa Minyoo Nyumba Nzima Lamu

Kidonge kimoja cha albendazoli huua minyoo waliomo tumboni leo. Hakimzuii atakayeingia kesho. Ndiyo maana mtoto aliyepewa dawa shuleni huweza kuwa na minyoo tena kabla mwaka haujaisha, na mama akadhani dawa ilikuwa mbovu. Dawa ilifanya kazi yake. Mtoto ndiye aliyerudi uani kulekule, akacheza pekupeku chini ya mwembe uleule, na mchanga ukamrudishia alichotolewa.

Basi kazi ni mbili, na zote zifanywe wiki moja: kusafisha matumbo ya watu wote wa nyumba, na kuziba njia ambayo minyoo hurudia. Maelezo haya ni ya nyumba za mawe za Mkomani, za makuti za pembezoni, za Shela na Matondoni, za Pate, Faza na Kizingitini, na za wakulima wa bara kutoka Mokowe hadi Mpeketoni. Pale hali zinapotofautiana, tumesema.

Hatua ya kwanza: jua unapambana na nani

Neno chango limebebeshwa mengi Pwani. Kuna chango la uzazi, kuna chango la mtoto mchanga anayelia usiku, na kuna mchango wenyewe, yule mnyoo mrefu anayetoka mzima chooni. Hapa tunamzungumzia huyo wa mwisho na wenziwe tu. Maumivu ya hedhi hayatibiwi kwa dawa ya minyoo, na mtoto wa miezi minne anayenyonya tu ni nadra sana kuwa na minyoo. Wapo pia wanaoamini kwamba kila mtu huzaliwa na mchango wake. Mtoto huzaliwa na tumbo safi. Kila mnyoo aliingia kutoka nje, kwa kinywa au kwa ngozi. Halua na sukari nazo zinasingiziwa bure: hazizai minyoo, ila mkono mchafu ulioshika hiyo halua unaweza kubeba mayai yao.

Mchango jike hufika sentimita 20 hadi 35 na hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Yai linapotoka na kinyesi bado haliambukizi. Hukaa udongoni wiki 2 hadi 4 likikomaa, kisha huweza kungoja miaka kadhaa mahali penye unyevu na kivuli. Likimezwa, mtoto wa mnyoo hutoboa utumbo, hupitia ini, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni na kumezwa tena. Hapo ndipo mtoto hupata kikohozi kikavu wiki ya kwanza au ya pili, na watu wakadhani ni pumu. Tangu kumeza yai hadi mnyoo mpya kuanza kutaga ni miezi 2 hadi 3. Shika hesabu hiyo, itatumika kwenye kalenda.

Mnyoo wa mjeledi ana sentimita 3 hadi 5. Huchomeka kichwa chake chembamba kwenye ukuta wa utumbo mpana, na hapo ndipo ugumu wa kumtoa ulipo. Wakiwa wengi, mtoto huharisha kamasi na damu, na wengine hutokwa na utumbo kwa nyuma wanapojikamua.

Anayetupasa kumwogopa zaidi katika nchi ya mchanga kama yetu ni mnyoo wa safura. Jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye rangi ya manjano, na yeyote aliyewahi kumwona mgonjwa wa safura anajua ni kwa nini. Mnyoo huyu ana kama sentimita moja tu, kwa hiyo humwoni chooni. Haingii kwa kinywa zaidi. Huingia kwa ngozi. Mayai yake huanguliwa mchangani ndani ya siku 1 au 2, na baada ya siku 5 hadi 10 mtoto wa mnyoo yuko tayari kutoboa mguu. Huishi wiki 3 hadi 4 kwenye mchanga wenye joto, unyevu na kivuli. Jua kali na ukavu humuua. Chini ya mikorosho na miembe, kando ya choo kisicho na sakafu, na kwenye njia ya shamba wakati wa masika, ndipo anapostawi. Ukiona mwasho mkali na vipele baina ya vidole vya miguu siku moja au mbili baada ya kutembea pekupeku, huenda ndiyo mahali alipoingilia.

Akishafika utumboni huuma na kunyonya damu. Ziko aina mbili: mmoja wa aina ndogo hupoteza kama mililita 0.03 za damu kwa siku, na wa aina kubwa mililita 0.15 hadi 0.2. Mtu mwenye minyoo 100 basi hupoteza baina ya mililita 3 na 20 kila siku. Huo wa juu ni ujazo wa vijiko vinne vya chai, siku baada ya siku, bila hata tone kuonekana. Mama mjamzito anayebeba mzigo huo na kuambiwa ni mvivu anaonewa.

Waliobaki tuwapitie upesi. Vinyoo uzi ni vyeupe, huwasha sehemu ya haja usiku, na huenezwa na kucha na mashuka, havihitaji udongo. Tegu huonekana kama vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi au nguo ya ndani. Hupatikana kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva, kwa mfano mishikaki iliyoungua nje na kubaki nyekundu ndani. Dozi moja ya albendazoli haitoshi kumtoa tegu. Dawa yake ni prazikwanteli, ipimwe kwa uzito wa mgonjwa kituoni. Mkojo wenye damu kwa mtoto aliyeogelea kwenye madimbwi au mito ya bara ni dalili ya kichocho, nao si ugonjwa wa kidonge hiki.

Hatua ya pili: kupima

Kwa nyumba ambayo haijapata dawa kwa zaidi ya mwaka, si lazima kumpima kila mtu kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo mtoto mmoja kati ya watano au zaidi ana minyoo ya udongoni, watoto wote wapewe dawa mara moja kwa mwaka bila kupimwa, na mara mbili ikiwa ni nusu yao au zaidi. Dawa ni salama, na kumpima kila mtu hugharimu kuliko kidonge chenyewe. Kwa msingi huo ndipo Kenya ilipoanzisha mpango wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009, ukapanuliwa tangu 2012.

Pima kinyesi hata hivyo katika hali tatu: mtu amepauka macho na viganja, mtoto ameharisha damu, au dalili zimebaki wiki 3 baada ya dawa. Namna ya kuchukua sampuli ndiyo huharibu majibu, hasa visiwani.

Tumia kikopo kikavu chenye kifuniko. Kilichooshwa kwa dawa ya kufulia na kubaki na povu hakifai. Mtu aende haja juu ya karatasi au poti safi, kinyesi kisichanganyike na mkojo wala maji ya kutawadhia. Chukua kiasi cha kokwa ya tende kwa kijiti, na kama pana kamasi au damu, chukua hapo. Andika jina na saa. Kifike maabara ndani ya saa moja au mbili. Mayai ya safura yana ganda jembamba. Yakikaa kwenye joto hubadilika na kuanguliwa, na kwenye kioo kilichopakwa kwa kipimo cha kuhesabu mayai hupotea machoni baada ya kama saa moja. Kwa hivyo sampuli iliyotoka Kizingitini alfajiri, ikasubiri mashua, ikafika Amu, yaani mji wa Lamu, adhuhuri, inaweza kusomwa kuwa safi huku mtu ana safura. Ni afadhali mgonjwa mwenyewe aende, alale kwa jamaa mjini, atoe kinyesi asubuhi karibu na hospitali. Na jibu moja la kutopatikana minyoo si mwisho: minyoo wakiwa wachache mayai hukosekana, basi rudia siku nyingine.

Vinyoo uzi havionekani kwa kipimo cha kinyesi. Asubuhi mtoto akiamka, kabla ya kutawadha, bandika selotepu safi, upande wa gundi, kwenye mikunjo ya sehemu ya haja, kisha ibandike kwenye kioo cha maabara. Rudia asubuhi tatu.

Hatua ya tatu: siku ya dawa

Chagua siku ambayo wote wapo. Ijumaa baada ya sala hufaa nyumba nyingi, wavuvi nao wakiwa wamerudi. Andika majina yote kwenye daftari: bibi, babu, wanafunzi, mfanyakazi wa nyumbani, mgeni wa mwezi mzima. Anayerukwa ndiye atakayewarudishia wengine.

Vipimo vya albendazoli ni hivi. Mtoto chini ya miezi 12 hapewi. Wa miezi 12 hadi 23 hupewa miligramu 200, yaani nusu ya kidonge cha 400. Kuanzia miaka 2 hadi mzee, miligramu 400 mara moja. Wengi hushangaa mtoto wa miaka 2 na baharia wa kilo 80 kupewa sawa. Sababu ni kwamba dawa hii hufanya kazi yake ndani ya utumbo wenyewe, na sehemu kubwa haiingii damuni, kwa hiyo uzito si kipimo. Pakiwa na mebendazoli badala yake, dozi moja ni miligramu 500. Kwa safura tungependelea albendazoli, maana dozi moja ya mebendazoli humwacha mnyoo huyo mara nyingi zaidi.

Kidonge kitafunwe, hata kwa mtu mzima. Kwa mtoto chini ya miaka 3 kisagwe baina ya vijiko viwili, kichanganywe na maji kidogo, anyweshwe akiwa ameketi wima. Hapa ndipo pana hatari halisi, na tunasema kwa uchungu kwa sababu inaepukika: usimbane pua mtoto anayelia, usimlaze chali, usimsukumie kidonge kizima. Kidonge kikiingia njia ya hewa kinaweza kuua. Akikataa, mwache atulie, jaribu jioni au kesho.

Usimpe dawa siku hiyo: mwenye homa au aliye mahututi, mpaka apone, mjamzito aliye ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na yeyote mwenye tumbo lililovimba na kutapika. Mjamzito akishavuka mwezi wa tatu, dawa hupewa kliniki ya wajawazito, na ni vyema aiombe mwenyewe ikiwa hajaandikiwa. Mwanamke asiye na hakika kama ni mjamzito angoje hedhi au apime kwanza. Anayenyonyesha anaweza kumeza.

Baadaye yanaweza kuja maumivu kidogo ya tumbo, kichefuchefu au kichwa kuuma, na huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Aliyekuwa na minyoo wengi anaweza kutoa mchango mzima chooni, hata kwa mdomo au pua. Inatisha kuona, lakini mvute polepole na umtupe chooni. Kinachotaka boti ya haraka kwenda hospitali, hata usiku, ni tumbo gumu lililovimba pamoja na kutapika na kushindwa kutoa choo au upepo. Huenda michango imejifunga kama fundo na kuziba utumbo. Usimpe dawa ya kuharisha, usimkande tumbo.

Kuhusu dawa za miti: mbegu za papai na za boga hazimdhuru mtu mzima anayekula kiasi, ila zisichukue nafasi ya kidonge. Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto mchanga kabisa. Yamewahi kuleta degedege na kuharibu ini.

Vinyoo uzi huhitaji dozi ya pili siku ya 14 kwa nyumba nzima, kwa sababu dawa huua minyoo na kuacha mayai yaliyo nje. Siku zote mbili fua mashuka, kikoi cha kulalia na nguo za ndani kwa maji ya moto, uanike juani. Usiyakung'ute ndani ya chumba. Mayai hupeperuka na kukaa wiki 2 au 3. Minyoo wa mjeledi mara nyingi hubaki baada ya dozi moja, hata ya dawa nzuri. Mtoto anayeharisha damu aonwe kituoni, ambako huweza kupewa mebendazoli miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 3, au dawa mbili pamoja. Jamaa wa Lamu Mashariki huenda wakakumbuka mwaka 2018, walipogawiwa dawa tatu kwa mpigo dhidi ya matende: ivamektini, DEC na albendazoli. Mchanganyiko wa ivamektini na albendazoli humpiga mnyoo wa mjeledi vizuri kuliko albendazoli peke yake, kwa hiyo ugawaji wa dawa za matende ukija tena, usiukimbie.

Hatua ya nne: rudisha damu

Kumtoa mnyoo wa safura ni kuziba tundu tu. Damu iliyokwisha kumwagika hairudi kwa kidonge cha minyoo. Vuta chini kope ya ndani na uangalie kiganja: vikiwa vyeupe, apimwe damu. Kwa mjamzito na kwa mtoto chini ya miaka 5, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Apimwe na malaria, na kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua selimundu, waambie wauguzi, maana kila kupauka si safura.

Kidonge cha madini ya chuma cha miligramu 200 kina kama miligramu 60 hadi 65 za chuma chenyewe. Mjamzito hupewa kile cha pamoja na foliki asidi kila siku hadi kujifungua. Wengine hutumia angalau miezi 3, wala hawaachi wakishaona nguvu zimerudi. Makosa mawili hukwamisha tiba hii kwetu. La kwanza ni chai: kidonge kikimezwa na chai ya maziwa au kahawa, chuma kingi hakinyonywi. Kinywe kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, saa mbili mbali na chai. La pili ni kuogopa kinyesi cheusi. Ni rangi ya chuma tu. Samaki tunao, na hata kipande kidogo cha samaki kwenye mchicha husaidia mwili kuchukua chuma cha mboga. Vidonge vifungiwe juu, kwa sababu mtoto akivila vingi kwa kuvidhania peremende ni sumu.

Mjamzito anayetamani kula udongo asikemewe. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo nao huweza kubeba mayai ya mchango. Apimwe damu.

Hatua ya tano: miguu na mchanga

Kila mtu awe na ndara zake, na zile za choo zikae mlangoni mwa choo. Viatu vya kufunika ni bora shambani na njiani wakati wa mvua, kwa sababu mchanga mbichi hupenya baina ya ndara na unyayo, lakini usimnyime mtoto ndara kwa kungoja viatu. Kuosha miguu jioni hakutoshi: mtoto wa mnyoo akipata ngozi hutoboa ndani ya dakika chache. Anayepalilia au kuchimba kwa mikono mitupu huambukizwa mikononi vilevile.

Watazame watoto wanaokwenda chuoni, yaani madrasa. Viatu huachwa mlangoni, kisha wakati wa mapumziko hutoka mbio pekupeku hadi choo cha nje na kurudi. Mwalimu akiweka jozi nne za ndara za choo na kumwaga kokoto au kutandaza mawe kwenye hiyo njia, amefanya kazi ya daktari.

Uwanja ufagiliwe, matawi ya chini yapunguzwe ili jua liupige mchanga, na maji ya bafuni yasiachwe yakitiririka hadi kivulini mwa mti. Kinyesi cha mtoto mdogo, ambacho wengi hukichukulia hakina neno, kina mayai kama cha mkubwa, pengine zaidi. Kitiwe chooni, na kisiwe cha kufukiwa kwa jembe pale uani.

Paka wetu nao tuwaseme. Wana mnyoo wa safura wa kwao, asiyeweza kukomaa ndani ya mtu, lakini huingia kwenye ngozi na kutambaa chini yake, akiacha mstari mwekundu wa kupindapinda unaowasha na kusogea kila siku. Hutibiwa kwa albendazoli miligramu 400 kila siku kwa siku 3, baada ya kuonwa kituoni. Paka hufukia uchafu wao kwenye mchanga mkavu, basi pwani keti pale maji yanapofika, au tandika mkeka. Rundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe kwa turubai kila jioni: ndilo choo cha paka wa mtaa mzima, na ndilo uwanja wa watoto asubuhi. Minyoo ya punda si ya kawaida kwa watu. Samadi yake ifagiliwe kwa sababu ya nzi, na kwa sababu mchubuko wa mguu ukiingia samadi unaweza kuleta pepopunda.

Hatua ya sita: choo

Katika mchanga, shimo lisilojengewa huporomoka msimu wa kwanza wa mvua. Lijengee kwa mawe ya matumbawe au matofali. Nusu ya juu kwa saruji, ya chini ukiacha nafasi wazi maji yapite. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, ukipima kwenye kisima mwisho wa masika, maji yanapokuwa juu kabisa. Wengi hupima wakati wa kaskazi kisha hushangaa shimo likifurika. Maji yakiwa karibu, inua choo kwa ngazi badala ya kuchimba zaidi. Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka shimo la choo. Ndani ya mji wa mawe nafasi hiyo haipo, basi maji ya kisima kilicho jirani na shimo yawe ya kufulia na kudekia, si ya kunywa.

Kwa watu saba, shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 2 huchukua takriban miaka 4, ukiacha nusu mita ya juu.

Sakafu ndiyo inayokata safura. Choo cha udongo au cha boriti hushika unyevu na mayai, wala hakisafishiki. Bamba la zege la mita 1.2 kwa 1.2, unene wa sentimita 8, hutumia mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto, na nondo za milimita 8 kila sentimita 15. Usitumie mchanga wa pwani: chumvi yake huozesha nondo na bamba hupasuka. Limwagie maji siku 7 kabla ya kulikanyaga. Watoto huogopa tundu kubwa na hujisaidia nje ya mlango, kwa hiyo weka tundu dogo la sentimita 12 hadi 15 kwa ajili yao, lenye kifuniko.

Shimo likijaa, lifunge miaka 2 kabla ya kulifungua. Mwaka mmoja huua minyoo wa safura, lakini yai la mchango ni gumu. Hata baada ya hapo, rutuba hiyo ipelekwe kwenye minazi, isitiwe kwenye mchicha.

Hatua ya saba: mikono, maji, chakula

Kutawadha mara tano kwa siku ni baraka kubwa kwa usafi, lakini yai la mchango lina ganda lenye kunata, na maji matupu huliacha chini ya kucha. Baada ya istinjaa, yaani kujisafisha baada ya haja, na kabla ya kula, tumia sabuni, sugua kucha, sekunde 20. Kucha zikatwe kila Ijumaa kama ilivyo sunna, za watoto zaidi. Sabuni ikae palepale penye birika la msalani. Ikiwa iko jikoni haitatumika.

Klorini ni nzuri dhidi ya kipindupindu, ila haiui yai la mchango. Chemsha maji ya kunywa. Ukikosa kuni au gesi, acha maji yatulie usiku kucha kwenye mtungi, uchote ya juu bila kuvuruga chini, maana mayai huzama. Kisha ndipo utie klorini kwa ajili ya vijidudu vingine. Ndoo ya kisima itundikwe, isiwekwe chini mchangani.

Nyanya, dania na kabeji za kachumbari zioshwe kwa maji matatu, jani kwa jani, kwa kusugua. Chumvi na siki haziui mayai. Maembe na makungu yaliyookotwa chini yaoshwe kabla ya kuumwa. Watoto hawangoji, basi weka ndoo ya maji safi pale chini ya mti msimu wa maembe.

Kalenda

Kwa Lamu tungepanga hivi. Dozi ya kwanza mwezi wa 8, minyoo wa masika wakiwa wameshakomaa tumboni na dawa inaweza kuwafikia. Ya pili mwezi wa 2, baada ya mvua za vuli. Mtoto akipewa shuleni karibu na tarehe hizo, ihesabu hiyo na usimrudie. Akipewa mara mbili kwa kukosea si sumu, lakini aliyekosa abaki kwenye daftari. Dozi za mapema zaidi, mwezi wa 5 mvua ikiwa bado inanyesha, hufaidi kidogo: mguu bado unakanyaga mchanga uleule mbichi, na minyoo walio safarini kupitia mapafu hawauawi vizuri na kidonge kimoja.

Kwenye daftari andika jina, tarehe, aina ya dawa na miligramu. Wiki 3 baada ya dozi, yule aliyekuwa amepauka kuliko wote aende hospitali akiwa na kikopo kikavu, alale mjini usiku wa kuamkia kipimo.